Kaporali Aliyepandishwa Cheo Kila Kiangazi

Pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Malawi, kama hujawahi kupangwa mstari na Mama Kaporali, basi wewe bado ni mgeni. Wenzangu walikaribishwa kambini na maofisa, wakapewa blanketi na sufuria. Mimi nilikaribishwa naye, kwenye pampu ya maji, siku chache tu baada ya kufika. Nilikuwa nimesimama pembeni na ndoo yangu, nimejaa aibu ya ugeni, nasubiri mtu anionee huruma. Mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye kitambaa cheusi kilichofungwa kwenye mkono wa kushoto, akanitazama kutoka mbele ya foleni.

"We mwenye ndoo ya kijani! Unasimama pale juu ya nini? Njo unangojea bakubebe? Ingia mu mustari!" Kisha akawageukia wote: "Gaadavu!"

Watu wakakaza miguu na kunyoosha mikono, vijana kwa wazee, mpaka bibi mmoja mwenye fimbo. "Rupo!" akasema, wakalegea wakicheka. Nikaingia mstarini. Nilijiambia kwamba yule mama ana kichaa na kwamba nitajitahidi kukaa mbali naye. Jioni nikagundua kwamba nyumba niliyopewa inachangia ukuta na ya kwake.

Alizaliwa wapi, wa ukoo gani, alisoma mpaka darasa la ngapi, hayo sitayaandika. Aliyemuuliza alijibiwa, "Mi ni wa Kaporali," na mazungumzo yakaishia hapo. Jina lake la ubatizo ninalijua, lakini hata ukimwita kwalo alikuwa hageuki. Mumewe alikuwa askari wa jeshi la nchi yetu, Kongo, cheo chake kaporali, akafa vitani huko upande wa Fizi. Wanawake wengi kambini waliitwa kwa majina ya watoto wao. Yeye aliitwa kwa cheo cha marehemu, na alilipenda jina hilo.

Riziki yake ilikuwa sombe. Asubuhi alinunua majani ya muhogo kwa Wamalawi wa vijiji vya jirani, akayafunga kwa mkanda mpana wa jeshi, ambao ndio kitu pekee cha mumewe alichovuka nacho, akayabeba kichwani mpaka nyumbani na kuanza kutwanga. Mimi ni mwanamke fundi cherehani. Yeye na mchi upande ule wa ukuta, mimi na pedali upande huu, tulizoeana mpaka ikawa akinyamaza ghafla mimi nakosea mshono. Siku nyingine alipanda basi dogo kwenda Area 23, Lilongwe, kuwauzia Wakongomani waliohamia mjini. Huko Wamalawi walimshangaa mtu anayetwanga majani mpaka yanakuwa uji. Hakuwabishia. Alichota kidogo kwa kijiko, akaweka juu ya nsima, ugali wa huko, ya mtu bila kuombwa, akasema "zikomo" yeye mwenyewe kabla mtu hajashukuru, na akapata mteja.

Alikuwa mkarimu wa sombe na bahili wa chumvi. Angekujazia bakuli la mboga bila kufikiri, lakini ukimwomba chumvi anakupa kwa ncha ya kidole, halafu anakitazama kile kidole kuona kama kuna iliyobaki. Sikumwelewa kamwe katika hilo. Nilipomuuliza alisema chumvi ndiyo kitu cha kwanza kukosekana vitani, na kwamba mimi niendelee kushona.

Anayesoma haya atadhani alilipenda jeshi. Hakulipenda hata kidogo. "Jeshi ni nini?" alikuwa akisema. "Ni bantu benye kukula na kukimbia." Lakini ole wake mtu mwingine aseme hivyo. Siku moja mwalimu mmoja wa shule, mwenzetu kutoka Uvira, alikuja kununua sombe, na katika kupiga soga akatamka kwamba askari wote wa kwetu ni wezi. Nikasikia mchi umesimama. Mama Kaporali akachukua sombe aliyokwisha kumpimia, akairudisha kwenye beseni.

"Sombe imeisha," akasema.

Mwalimu akalitazama beseni, limejaa mpaka juu. Akanitazama mimi. Nikainamia cherehani yangu. Kesho yake akarudi, kofia mkononi.

"Mama, nilisema mubaya. Banajeshi bote ni bezi, isipokuwa moja."

"Ah, leo sombe imepatikana," akajibu, akamjazia bakuli na kuongeza juu.

Jambo jingine ambalo sikulizoea ni kwamba mama huyu wa amri na magwaride alikuwa hawezi kumchinja hata kuku. Kila ilipobidi kuchinja alimleta kwangu, akaenda nyuma ya nyumba na kuziba masikio kwa vidole, kisha akarudi kunigombeza kwamba nimemnyonyoa vibaya. Redio ikitoa mlio wa bunduki kwenye mchezo wa kuigiza, alinipigia ukuta nizime. Na watu waliofika kumhurumia walirudi wamechanganyikiwa, maana walikuta mjane wa matanga anacheka. Alicheka kisimani, alicheka sokoni, alicheka kanisani mpaka mchungaji akapoteza mstari aliokuwa akisoma. Kitambaa cheusi mkononi, meno yote nje. Mwanzoni mimi mwenyewe niliona si heshima.

Nilikuja kuelewa kwenye ile karamu yake. Kila kiangazi, ilipofika siku ya kifo cha mumewe, alialika majirani. Hakuiita kumbukumbu wala misa, aliiita "siku ya kupandisha." Alipika ugali wa muhogo, sombe yenye samaki, na kuku niliyemchinja mimi. Mbele ya mlango aliweka kiti kitupu, na juu ya kiti akatundika koti. Watu wakishashiba alisimama na kusimulia kilichotokea. Kwa kuwa niliisikia hadithi hiyo miaka mingi, naweza kuiandika jinsi alivyoisema.

Kijiji kizima kilikuwa kinavuka daraja la magogo, asubuhi, na adui yuko karibu kuteremka kutoka kilimani. Wakubwa wa jeshi walikuwa wameshaondoka. Wa kwanza kuondoka alikuwa majoro, tena kwa gari. Kaporali akabaki ng'ambo ile ya adui na bunduki moja na filimbi. Akaingia kwenye migomba. Akapiga filimbi hapa, akakimbia, akapiga kule, na kila aliposimama aliita kwa sauti tofauti.

"'Kapiteni, pita kuume!'" Mama Kaporali aliiga sauti nene. "'Luteni, we baki kushoto na bantu yako! Batayo ya pili, mungojee bakaribie!' Kapiteni gani? Luteni gani? Hakukuwa mutu! Ni yeye peke yake na migomba! Na kule juu badui balilala chini, banaogopa. Mi niko katikati ya daraja, nasikia ile sauti, na niliijua. Ile bwana, hata kuku ya nyumba haikumutii. Leo anaamuru makapiteni! Nilicheka. Nilivuka ile daraja nikicheka, bantu banasema huyu mama amepata wazimu."

Hapo watu wote walicheka, hata waliosikia mara kumi. Naye alisubiri wamalize.

"Tukavuka bote. Alafu sauti ikanyamaza."

Alisema hivyo tu, halafu akapiga makofi mara moja na kugeukia kiti. Hakuna aliyemzika Kaporali. Waliorudi baadaye hawakukuta kitu. Mto ulikuwa umejaa, na daraja halikuwepo.

Kisha ilikuja sehemu ya kupandisha. "Bale bakubwa benye balikimbia," alisema, "leo bako makoloneli. Banakula vizuri. Yangu abaki kaporali juu ya nini? Juu alikufa? Hapana! Mwaka huu nimemupandisha!" Akatangaza cheo kipya, na sisi tukapiga makofi na vigelegele.

Kushona cheo ilikuwa kazi yangu. Koti lenyewe alilinunua kwenye mafungu ya mitumba, kaunjika kama wanavyoita huku. Lilikuwa koti la kijivu la mzungu fulani wa ofisini, halina uhusiano wowote na jeshi. Mwaka wa kwanza alinijia akaniambia niweke tepe za sajini. Nikauliza zinakaaje. "We ni fundi ao mi njo fundi?" Tukakubaliana kwamba tepe ni tepe. Mwaka uliofuata ajida, kisha luteni, kisha kapiteni, nami nikaanza kushona nyota kwa uzi wa njano nilioubakiza kwenye sare za shule. Mikono ya koti ilijaa. Nilimtania kwamba akifika jenerali itabidi tununue koti jingine.

"Usijali," akasema. "Jenerali atapata kabuti."

Haya yote yalikuwa furaha, na nimeyasimulia kama furaha kwa sababu yeye aliyaishi hivyo. Lakini kile kitambaa cheusi kilibaki palepale mkononi. Kwa desturi ya kwao matanga huondolewa: jamaa wanakutana, wanakula, mjane anavuliwa nguo nyeusi na kuanza kuishi tena kama wengine. Wanawake wa kanisa walimwomba awaruhusu wamfanyie, si mara moja. Waliahidi kupika, kuimba, kila kitu. Alikataa. Nilikuwepo walipokuja mara ya mwisho, nikamsikia akijibu akiwa ameacha kucheka.

"Kwetu mufu anasindikizwa. Anabebwa, bantu banatoka mu nyumba, banasimama ku njia, hata benye habamujue. Njo anajua sasa ameenda. Yangu, nani alimusindikiza? Alivusha kijiji muzima, na hakuna hata mutu moja alimusindikiza. Sasa mi nitaondosha kilio ya mutu mwenye hajaenda?"

Mama mmoja akasema taratibu kwamba Mungu alimsindikiza. Mama Kaporali akaitikia, "Ndiyo, mama," kwa adabu, lakini kitambaa hakikutoka. Niliumia kwa ajili yake siku ile kuliko siku nyingine yoyote. Nilitambua kwamba huyu mtu anayetuchekesha wote anasubiri kitu ambacho hakiwezekani tena, na kwamba analijua hilo vizuri zaidi yetu.

Jiwe la ukumbusho lilikuwa wazo la watu wa daraja. Pale kambini walikuwepo watu kadhaa waliovuka asubuhi ile, na wengine walizaliwa na waliovuka. Walikubaliana kwamba Kaporali hawezi kubaki anakumbukwa kwa koti la kaunjika peke yake. Wakachanga saruji na nondo, mchungaji akatoa nafasi uwanjani kwa kanisa, na wakampata fundi wa mawe ya makaburi huko Mponela, Mmalawi, anayefinyanga saruji kwa kibao na kuandika maneno juu yake. Wakaja kumwambia mjane.

Akatoa masharti. La kwanza, jiwe lisisimame. Lilale, tena juu ya miguu mifupi, watu waweze kulikalia. "Mufu wangu alipenda bantu," akasema. "Jiwe ya kutazama tu itamuchosha." La pili, liwe na urefu wa Kaporali mwenyewe.

"Urefu wake ni ngapi?" wakauliza.

Akaniita. "We fundi, leta mita."

Nikaleta futi yangu ya kupimia. Akasimama wima katikati ya uwanja wake, miguu peku, akafumba macho. Akainua mkono, akaupeleka mbele kidogo, juu kidogo, akaushusha, akauinua tena. "Kichwa yangu ilifika hapa," akasema, akigusa hewa mbele ya uso wake, "ku kifungo ya pili ya shati. Toka hapo mupaka shingo ni hivi. Alafu kichwa yake, ilikuwa kichwa kubwa." Nilimpima mtu ambaye sijawahi kumwona kwa kufuata mkono wa mkewe. Nimepima watu wengi maishani, wa harusi na wa shule, lakini yeye nilimpima mara mbili. Kaporali alikuwa mrefu sana. Watu wa daraja walitazamana, maana saruji ingekuwa nyingi, lakini hakuna aliyethubutu kumfupisha.

La tatu lilikuwa maneno. Kiangazi kile nilikuwa nimeshamshonea nyota ya majoro, na karamu ilikuwa imekwisha fanyika. Mchungaji, kwa kutaka kumpendeza, akasema, "Basi tutaandika: Majoro…"

"Nani?" Mama Kaporali akamkata.

"Si umemupandisha, mama?"

"Mupasta, ile ni ya koti! Ku jiwe muandike Kaporali. Majoro yao alikimbia na gari. Mukiandika Majoro, bantu batazania ni ule."

Tukacheka mpaka mchungaji akalazimika kukaa chini. Wakati wa kuagana mama mmoja wa kanisa akajaribu tena bahati yake: sasa jiwe lipo, je, siku ya kuliweka tuondoe na matanga? Mama Kaporali akatikisa kichwa. "Jiwe ni jiwe, mama. Kusindikiza ni kusindikiza."

Tulilifuata Mponela siku ya soko. Dereva alikuwa Mkongomani mwenzetu mwenye pikapu, mtu wa wasiwasi, anayepiga breki hata akiona kivuli. Nyuma tulipanda mimi, Mama Kaporali na wanawake watatu wa kwaya. Fundi wa mawe na vijana wake walilipakia jiwe, na hapo tukaona tatizo. Pikapu ilikuwa fupi kuliko Kaporali. Miguu yake, niseme hivyo, ilitokeza nje ya gari.

Dereva akalizunguka gari akisikitika. Kisha akafanya jambo ambalo dereva yeyote wa kwetu angefanya. Alikata matawi mabichi ya mkalitusi kando ya barabara, akayafunga kwenye ncha ya jiwe ili magari ya nyuma yaone kwamba mzigo umetokeza. Akaona hayatoshi, akafunga mengine kwenye pembe za pikapu, na moja mbele. Nasi nyuma tulikuwa na furaha, na watu wa kwaya wakiwa na furaha hawawezi kukaa kimya. Tukaanza wimbo wa taratibu, ule wa kushika sauti nne, ili tusichoke mapema. Tukaingia barabara ya M1 namna hiyo, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri tunaonekanaje.

Mwendesha baiskeli wa kabaza, aliyekuwa amempakia abiria na kuku, alituona akashuka. Abiria naye akashuka. Wakasimama kando ya lami, wameinamisha vichwa, kuku naye ananing'inia. Nikafikiri wamepata pancha. Mbele kidogo wanawake waliokuwa wakiuza nyanya wakaacha biashara, wakachuchumaa chini wote kwa pamoja. Wanaume wakavua kofia. Soko zima la Mponela, lenye kelele zote zile za mahindi na tumbaku, likanyamaza sehemu tulipopita na kuendelea nyuma yetu. Lori lililojaa marobota ya tumbaku likatoka barabarani na kusimama.

Dereva akatoa kichwa dirishani. "Kuna nini? Pneu imepasuka? Ao minisita iko nyuma yetu?"

Nikatazama nyuma. Hakukuwa na waziri. Kulikuwa na basi dogo limewasha taa mchana kweupe, linatufuata polepole bila kutaka kutupita, na nyuma yake gari jingine limewasha taa, na jingine. Hapo ndipo nilipoelewa. Huku Malawi, gari lenye matawi mabichi na wanawake wanaoimba nyuma ni kitu kimoja tu. Nikamnong'oneza dereva kupitia dirishani kwamba wanadhani tumebeba maiti.

Maskini, alitaka kusimama palepale atangaze kwa mkono na mdomo kwamba ni saruji. "Tunadanganya bantu!" alisema. "Kule mbele kuna polisi! Batatufunga!"

Wanakwaya walikuwa wameacha kuimba. Sote tukamtazama Mama Kaporali. Alikuwa ameshika kingo za pikapu kwa mikono miwili, anawaangalia wale watu waliochuchumaa, mmoja mmoja. Alikuwa hacheki. Akapiga paa la gari kwa kiganja.

"We dereva! Nani anadanganya? Mufu iko. Alichelewa tu. Enda pole pole!" Akatugeukia sisi. "Na nyiye, nani alibaambia muache kuimba?"

Tukaimba. Nakwambia tuliimba, hata mimi ambaye sina sauti. Tukapita vijiji, watu wanatoka milangoni. Mzee mmoja alisimama shambani mbali kabisa, jembe amelishika pembeni, kofia kifuani. Hawakutujua. Hawakumjua Kaporali, wala mto, wala daraja. Walisimama tu, kwa kuwa kuna mtu anapita kwa mara ya mwisho.

Kwenye kizuizi cha polisi dereva alikuwa ametoa karatasi zote alizonazo, mpaka cheti cha ubatizo nadhani. Askari hakuzitazama. Aliinua chuma, akavua kofia yake, akamtazama yule mama mwenye kitambaa cheusi nyuma ya gari, akasema, "Pepani, amayi." Neno hilo ni pole, lile wanalopewa wafiwa. Halafu, sijui kwa nini, labda ni jinsi mama alivyokuwa amesimama wima akimtazama, akarudisha kofia kichwani, akakaza miguu, akapiga saluti.

Mama Kaporali akaipokea. Alinyanyua mkono polepole, wenye kitambaa, akauweka pembeni ya kichwa, akaushikilia hivyo mpaka kizuizi kikabaki nyuma kabisa na askari hawezi tena kumwona. Ndipo akalia. Nami nikalia, na wale watatu wakalia, na tulikuwa bado tunaimba.

Magari ya nyuma yalituacha kwenye njia panda ya kwenda Dowa. Tulipoingia Dzaleka watu wa daraja walikuwa wanatungojea uwanjani kwa kanisa, wakashangaa kuona tumevimba macho. Kabla jiwe halijashushwa Mama Kaporali akanyoosha mkono wake wa kushoto mbele yangu.

"We fundi, leta makasi. Amesindikizwa."

Fundo lilikuwa limekazana kwa miaka, ikabidi nilikate kwa uangalifu nisimkate na ngozi. Chini yake mkono ulikuwa mweupe kidogo kuliko sehemu nyingine. Aliusugua, akautazama kama mkono wa mtu mwingine, halafu akaanza kucheka. Akamsimulia mchungaji habari ya yule kuku wa kabaza aliyening'inia kwa heshima zote, na kila aliposimulia kuku alizidi kuwa na adabu. Siku ile wanawake wa kanisa walipika kila walichokuwa wameahidi.

Baada ya hapo aliniletea koti. Aliniambia nifumue nyota na tepe zote, nibakishe mbili tu za kaporali. Ilinichukua siku nzima. Matundu ya sindano yalibaki kwenye kitambaa, ukiliangalia koti kwenye mwanga unaona vyeo vyote alivyopita. Koti alimpa yule mwalimu wa sombe, ambaye alikuwa hana koti la baridi. Siku ya kupandisha haikufanywa tena. Kiangazi kikifika watu hukaa tu juu ya lile jiwe, wanakula, na yeye anasimulia habari ya migomba. Kwa kawaida jiwe huwa limejaa wanafunzi wa kwaya, wanawake wanaochambua mboga, na wapenzi wanaojidai wanangoja ibada. Neno KAPORALI limeanza kufutika kwa kukaliwa. Mchungaji aliwahi kutaka kuwazuia watu, na akaambiwa na mjane asimsumbue marehemu.

Nimeshahama ule ukuta. Niliolewa upya, nikapata nyumba sehemu nyingine ya kambi, na sasa napeleka sare za shule kwa muuzaji mmoja huko Area 49, Lilongwe. Mwaka huu nilikuwa nakwenda huko asubuhi, furushi la sare begani, nimechelewa, tena nimechelewa vibaya, nikamwona mbele yangu kando ya barabara. Amezeeka. Anatembea kwa kuegemea upande mmoja, lakini beseni la sombe bado liko kichwani, limekaa sawasawa. Niliita. Hakugeuka. Nikakumbuka, nikaita, "Mama Kaporali!"

"Fundi wangu!" Tukaamkiana, tukaulizana habari. Nikamwambia nina haraka, tajiri wangu wa sare ananisubiri. Akasema twende basi, haraka ni haraka.

Hatukufika mbali. Mbele yetu likatokea lori dogo limefungwa matawi, wanawake wa vitenge wamejaa nyuma wanaimba, na magari yanalifuata yamewasha taa. Mimi nilipunguza mwendo kidogo, kwa heshima, huku nikihesabu moyoni jinsi ya kuvuka barabara kabla msafara haujanizibia njia. Yeye alikuwa ameshatua beseni. Alilishusha mwenyewe, kwa taabu, akaliweka kwenye majani, akajaribu kuchuchumaa na magoti yakakataa. Basi akasimama wima.

"Mama," nikamwambia, "unamjua huyo aliyekufa?"

"Mi? Hapana."

"Sasa?"

Hakunitazama. Macho yalikuwa kwenye lile lori. "Na bale ba Mponela," akasema, "balimujua yangu?"

Nikatua furushi langu chini.

"Gaadavu," akasema kwa sauti ndogo, na nikakaza miguu. Lori likapita. Magari yakapita moja baada ya jingine, mengi, maana marehemu alikuwa mtu wa watu. Nilipodhani yamekwisha nikainama kuchukua furushi, akanigusa mkono.

"Bado moja."

Mbali kabisa nyuma ya wote alikuwa anakuja mwanamume mmoja kwa baiskeli, anakanyaga kwa nguvu zake zote, shati limelowa jasho, anajaribu kuufikia msafara. Tulisimama tukamngojea. Alipotupita Mama Kaporali alimpigia saluti, na yule bwana, ingawa alikuwa hana pumzi, aliinua mkono mmoja akaitikia.

"Rupo," akasema mama. Nikamsaidia kujitwisha beseni lake.